Vibanio Vilivyokwamisha Mashine

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kufua ilikuwa ya Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuongea. Sharti la mama lilikuwa moja: kila mfuko ukaguliwe kabla nguo haijaingia kwenye mashine. Siku hiyo wenzake walikuwa wakimwita nje wakaruke kamba. Akazisukumiza nguo zote kwa mkupuo, pamoja na sare nyeupe ya mama, akabonyeza kitufe na kutoka mbio.

Aliporudi, mashine ilikuwa ikiguna kama mtu anayeumwa tumbo. Kisha ikanyamaza. Maji yalifika nusu ya kioo, na mlango ulikataa kufunguka.

"Sare yangu!" mama alimaka. Alikuwa muuguzi, na zamu yake ilianza saa nane mchana. Akamgeukia kitindamimba wake wa miaka mitano. "Umechezea vitufe tena, wewe?"

"Sijagusa, mama!" Mtoto akaangua kilio. Nani angemwamini? Juzi tu alikutwa akivibonyeza.

Chiriku alikumbuka vibanio vya nywele alivyoviacha mfukoni mwa sketi. Kwa mara ya kwanza, mdomo wake ukawa mzito.

Mama alimwita fundi wa mtaa wa pili. Alifika na mkoba wa zana, akachomoa plagi, akaizunguka mashine.

"Kama mtoto amevuruga vitufe, huenda tatizo ni la umeme. Itabidi niibebe hadi karakana. Labda Jumatano, dada."

"Jumatano? Na sare imo ndani?"

Mdogo wa Chiriku alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, akivuta kamasi. Chiriku alimtazama, roho ikamsuta.

"Fundi, si yeye," akasema. "Ni mimi. Sikukagua mifuko. Sketi yangu ilikuwa na vibanio."

"Kumbe! Nami nilitaka kuibeba bure! Lete beseni na tambara."

Fundi alifungua kijimlango cha chini, akalegeza kifuniko cha chujio polepole. Maji ya povu yakachuruzika, beseni likajaa mara tatu. Ndani ya chujio mlikuwa na nyuzi zilizovurugana na vibanio vinne.

"Hivi ndivyo vilivyozuia maji yasitoke," alisema. Akasafisha, akafunga, akachomeka plagi. Mashine ikanguruma, ikazungusha, ikakamua.

Saa saba mama alikuwa akipiga pasi sare, mvuke ukipanda. Chiriku alikuwa amemwomba mdogo wake radhi, naye hakukubali mpaka alipobebwa mgongoni kuzunguka nyumba mara mbili.

"Kusahau mfuko nimekusamehe," mama alisema. "Lakini ulimwacha mwenzio alie kwa kosa lako. Hilo lisirudiwe. Mashine haina mdomo wa kusema inaumwa wapi, wewe unao. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo."

"Nimesikia, mama," Chiriku akajibu.