Mafunjo Ndani ya Ukuta

Kijiko kilimponyoka Tunu mkononi, kikaanguka kwenye sakafu ya chumba cha boti, na hakikulia.

Aliinama akakitazama. Kilikuwa kijiko cha bati, na mahali kilipoangukia palikuwa na mbao tupu, zulia halikufika pale. Akakiokota, akakiangusha tena makusudi. Kimya, kama aliyeangusha unyoya.

"Unaona?" Shamsi mumewe alisema akiwa mlangoni. "Hiyo ndiyo kazi. Nyie mmezoea kelele. Mnadhani boti lazima ilie kama mashine ya kukoboa."

"Nyie" ya Shamsi ilikuwa na watu wengi ndani yake. Alikuwemo Tunu, mzaliwa wa Makere; walikuwemo wavuvi wa mto Malagarasi; na ilikuwemo Kasulu nzima, mji uliomlisha yeye na duka lake la vitambaa na ambao bado aliuita porini. Babu yake alitoka Pangani. Yeye mwenyewe Pangani alifika mara moja tu, msibani, akaharisha hadi siku ya kuondoka, lakini ukimsikia anavyoisimulia ungedhani bahari ile aliichimba kwa mikono yake.

Mwaka ule, 2013, alikuwa amenunua boti ya mbao yenye chumba kidogo cha bati, ya kununulia samaki kwenye mabwawa ya Malagarasi. Baadaye akapata wazo kubwa zaidi: kuwapeleka wakubwa wa serikali kutazama viboko. Wakubwa hawaketi ndani ya debe, na chumba kile kilikuwa debe hasa. Mchana kilioka watu, alfajiri kiliwagandisha, na injini ikiwaka bati lilitetemeka mpaka magego yakauma.

Felisiani, seremala wa Kasulu, alikaza bolti zote zilizolegea, akakata vipande vya tairi akavilaza chini ya miguu ya injini, akalivika godoro kuukuu sanduku la injini, akaziba kila upenyo. Kelele ikapungua. Zikabaki kuta. Pale kati ya bati la nje na mbao za ndani palihitaji kujazwa kitu chepesi, cha kuzuia joto na sauti. Felisiani aliomba sufi.

"Sufi ya nini?" Shamsi alimjibu. "Mto mzima umejaa mafunjo. Tumieni hata kichwa mara moja kwa mwaka."

Mafunjo makavu kweli yanafaa. Ndani ni laini kama mkate. Ila mazuri kuliko yote, manene kama mkono wa mtu, yaliota kwenye kisiwa kimoja kisichoshika ardhi, kinachoelea, leo utakikuta hapa na mwezi ujao kule. Wavuvi walipokikaribia walizima injini, wakapita kwa kasia, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka kibaki nyuma. Walisema kina kisigo, yaani pepo mwenye mahali. Bazilio, mwendesha boti, alikataa katakata kukikanyaga. Basi Shamsi akashuka mwenyewe na panga, akakata huku akiongea kwa sauti ya juu, kama mtu anayekohoa msikitini ili atazamwe.

"Jini gani anakaa kwenye majani kama panya?" alisema. "Majini yenyewe yako pwani. Yanavaa viatu."

Mafunjo yakaanikwa, yakakauka, yakashindiliwa ukutani, mbao zikapigiliwa juu yake. Na kijiko kikaanguka bila kulia.

Siku chache baadaye ilianza harufu. Haikuwa ya ukungu wala ya samaki. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa, na kila Tunu alipoinama karibu na ukuta ilimjia usoni, ya uvuguvugu. Kisha adhuhuri moja, boti imefungwa gatini na injini imepoa, Tunu akiwa nje anachambua samaki wakavu, alisikia toka chumbani: *ting*. Akaacha kuchambua. *Ting*, mara ya pili. Ulikuwa mlio wa kijiko kinachoanguka kwenye mbao, na vijiko vyote alikuwa ameviosha, viko mbele yake ndani ya beseni.

"Umesikia?" alimnong'oneza Bazilio.

Bazilio aliendelea kusuka kamba, hakuinua kichwa. "Sijasikia kitu, mama," alisema. "Hata wewe hujasikia."

Alipomweleza Shamsi, Shamsi alimwambia bati likipata jua hutanuka, kwamba hayo hufundishwa watoto shuleni, ila labda si shule za Makere.

Wageni wa kwanza walikuwa Bwana Raymond, afisa wa halmashauri aliyehamishiwa Kibondo kutoka Moshi, na mkewe Careen. Kabla hawajafika Shamsi alisimama chumbani akichana nywele mbele ya kioo kidogo.

"Leo nambeba yule bwana na tumbo lake," alimwambia Tunu. "Mkewe anacheka kama mbuzi anayechinjwa. Wewe tabasamu tu, mwanamke. Wajinga ndio wanaotulisha."

Safari ilianza vizuri. Bwana Raymond alipapasa kuta, akashangaa. "Injini iko mgongoni kwetu na tunazungumza kama tuko sebuleni," alisema. "Hata joto halipo. Umefanyaje, Bwana Shamsi?"

"Ni utaalamu kidogo tu, mheshimiwa," Shamsi alijibu, akamsogezea sahani ya sambusa.

Jua lilipoanza kushuka wakafika kwenye kundi la viboko, na Bazilio akazima injini ili wasishtuke. Kimya kikaingia chumbani kikakaa. Tunu alihisi masikio yanaziba kama mtu aliyezama. Ndipo ukutani, karibu kabisa na kichwa cha Careen, sauti ya Shamsi iliposema polepole na wazi, kila neno mahali pake: "Leo nambeba yule bwana na tumbo lake. Mkewe anacheka kama mbuzi anayechinjwa."

Wote walimtazama Shamsi. Alikuwa ameketi upande wa pili, sambusa imejaa mdomoni, mashavu yamevimba.

"Wajinga ndio wanaotulisha," ukuta ukamalizia, na nyuma ya maneno yale, ndani zaidi, palisikika kicheko cha watu wengi waliojiziba vinywa kwa viganja.

Careen alishika sikio lake. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimelowa, kama mtu aliyenong'onezwa kwa karibu mno. Hakupiga kelele. Alianza kulia taratibu, na mumewe akasema kwa sauti ya chini, "Turudishe."

Wageni walipokwisha kushuka, Shamsi alimgeukia mkewe. "Umeniloga," alisema. "Wewe na ukoo wako." Aliyasema mle mle chumbani, mengi na marefu, na Tunu aliyekuwa akimtazama aliona jambo lililomsimamisha nywele: midomo ya mumewe ilikuwa wazi kabisa, mishipa ya shingo imetoka, lakini sauti iliyomfikia ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayegombana nyumba ya tatu.

Tangu siku ile sauti ya Shamsi ikawa inapungua. Mwanzo ilififia akiwa botini tu, kisha na dukani Kasulu, wateja wakawa wanainama juu ya kaunta na kuuliza, "Unasemaje?" Alichopungukiwa yeye, ukuta ulikipata. Kila adhuhuri, boti ikiwa gatini, chumba kilianza kusema. Kilimsema Felisiani na mikono yake ya kulimia. Kilimsema Bazilio, kikamsema imamu, kikawasema marehemu wakwe zake. Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kukaa ukingoni kimya, kila mtu akisubiri zamu ya jina lake, na aliyetajwa aliondoka bila kuaga. Hapakuwa na pepo aliyetunga kitu. Yote yalikuwa ya Shamsi, aliyoyasema mle ndani akidhani kuta zimeyazuia yasitoke.

Tunu naye aliisikia zamu yake. "Nilimwoa kwa ajili ya shamba la baba yake," ukuta ulisema, ukicheka kicheko cha Shamsi cha kwenye karata. "Baba mtu akaenda akalirithisha kanisa. Nikabaki na bidhaa isiyorudishwa dukani."

Alimaliza kuchambua samaki. Aliwapanga, akawafunika gunia, akanawa mikono. Kitu alichokihisi hakikuwa uchungu. Uchungu alikwisha kuumaliza zamani. Alijihisi kama mtu aliyeona kinyesi cha kuku kwenye kiatu, anatafuta tu pa kukifutia.

Hata hivyo ndiye aliyekwenda kumwita Bi Mwatumu, mganga mwenye asili ya Ujiji aliyeishi nyuma ya soko la Kasulu, mwanamke mnene asiye na subira na mtu. Bi Mwatumu aliingiza kichwa chumbani, akakitoa haraka, akatema mate majini.

"Nani alikata?"

Shamsi akainua mkono.

"Na ulipokata uliongea?"

Shamsi akatikisa kichwa kukubali.

"Basi sikiliza, kama hilo nalo unaliweza. Toa mafunjo yote, hata unyuzi usibaki. Yarudishe kwa mikono yako mwenyewe. Kwenda na kurudi, mdomo ufunge. Ukitamka neno pale watalibakiza, na hilo litavuta mengine yote." Akamgeukia Tunu. "Nyie wengine, sauti ikiwaita kutoka kule, msiitike. Anayeitika anampokea mwenzake zamu."

"Nikishindwa?" Shamsi alinong'ona.

"Sikuja kukubembeleza," Bi Mwatumu alisema, akapanda pikipiki iliyomleta.

Walipobandua mbao waliyakuta mafunjo, yaliyoanikwa mpaka yakavunjika kama vijiti, yamelowa tena, yana joto la mwili, na ukiweka kiganja juu yake uliyahisi yakipanda na kushuka. Bazilio alipiga kasia bila kusema. Jua lilikuwa la utosi, hapakuwa na upepo, hakuna ndege aliyelia, na kisiwa kilipotokea mbele yao Tunu aliona kuwa pale mumewe alipokata mafunjo hayakuota tena, pameachwa uwazi mrefu na mwembamba, kama mdomo.

Shamsi alishuka na mzigo wa kwanza, Tunu akamfuata na wa pili kwa kuwa mtu mmoja asingeweza, na ile ardhi isiyo ardhi ikawa inabonyea chini ya miguu yao na kuinuka, inabonyea na kuinuka, wakapeleka mzigo hadi mzigo, jasho likiwatiririka na midomo wameibana mpaka imekuwa myeupe, hata ukabaki mzigo mmoja tu, na Tunu alipokuwa ameukumbatia anavuka tope la mwisho mguu wake ulizama hadi gotini, akayumba, mafunjo yakamtoka mikononi yakatawanyika majini, na Shamsi, aliyevumilia muda wote ule, aliyekuwa na hofu ya kifo machoni, alimtazama mkewe akiwa ndani ya tope na mazoea yakaitangulia hofu.

"Mjinga," alisema.

Alilisema kwa sauti yake ya zamani, nzito, kamili. Mafunjo yote ya kisiwa yakainama upande wake bila upepo. Kile kicheko cha viganja kikapita kutoka ncha hadi ncha, kikaisha. Shamsi akafungua mdomo tena na hakikutoka kitu. Akapiga makofi, viganja vikakutana bila mlio. Akakimbilia botini, akipiga miguu kwenye maji, na maji hayakulia.

Kabanga, hospitalini, walimpima koo wakalikuta zima. Bi Mwatumu alipoitwa tena alisema yeye hasemi neno mara mbili. Shamsi hakuweza tena kuuza dukani. Mtu anayeingia kwa nyuma yako bila mlio wa hatua, akakusimamia, hanunuliwi kitambaa. Duka likafungwa. Tunu akaishika biashara ya samaki. Chumba cha boti alikiacha bati tupu, linatetemeka na kupiga kelele mpaka mtu huwezi kumsikia jirani yako, na Felisiani alipojitolea kukitengeneza upya alimkatalia. Alimpakia mumewe kila safari, kwa sababu nyumbani alichoka kushtuka akimkuta nyuma yake bila kusikia hatua; botini alimweka mbele ya macho.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokwisha, kisiwa kilikuwa kimesogea hadi karibu na njia ya boti. Bazilio alizima injini kama desturi, akashika kasia. Walikuwa wamefika usawa wa katikati yake iliposikika sauti. Mwanzo ilikuwa inagomba, inatukana nyavu, inatukana jua, inatukana Kasulu. Kisha ikakatika, kana kwamba imesikia kasia.

"Tunu," iliita. "Mke wangu."

Tunu alitazama mbele.

"Niko na wengi huku, na hakuna anayenisikiliza. Wananicheka tu. Niitike, mama. Sema 'abee' tu, mara moja, nirudi."

Shamsi alikuwa amepiga magoti miguuni pake. Alimshika upindo wa kanga, machozi yakimchuruzika, na midomo yake ikiunda neno lile moja, tena na tena, kumfundisha: abee, abee. Ndilo neno aliloitikia sauti ile tangu alipoolewa, akiwa jikoni, akiwa kitandani, akiwa na uchungu wa kuzaa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, lenyewe.

Aliuuma ulimi. Akauvuta upindo wa kanga toka mikononi mwa Shamsi, taratibu, kama anavyomnyang'anya mbuzi nguo anayoitafuna kwenye kamba. Akampita Bazilio, akainama kwenye sanduku la injini, akashika hendeli akaizungusha mwenyewe. Injini ikakohoa, ikawaka, na bati lote la chumba likaanza kulia.

Wala hakugeuka. Walipokwenda mbali vya kutosha Bazilio alipunguza mwendo ili asikike.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "yule alikuwa bosi."

"Alikuwa," Tunu alisema.