NILIING'ARISHA REDIO YA MAMA WA WATU

"Mwiziii! Kambadilishia mama yangu redio!"

Jamani... yowe la "mwizi" likipigwa pale stendi ya Masasi mchana kweupe, omba sana lisiwe linakuhusu.

Mimi lilikuwa linanihusu!

Kufumba na kufumbua, madereva boda wameshazima pikipiki zao wanakuja kibandani kwangu. Mmoja ameshavua mkanda.

Mimi naitwa Hamudi, fundi redio. Siyo hizi redio zenu za kuchomeka flashi. Nafufua zile za zamani za makava ya plastiki, zilizopasuka, zilizogeuka rangi ya chai. Ikitoka kwangu utadhani imeshushwa dukani jana.

Aliyekuwa anapiga kelele ni Stamili, dada wa Newala. Wiki moja kabla aliniletea redio ya mama yake.

"Sauti inakatikakatika, itengeneze," alisema, akakimbilia basi lake.

Sasa kaja na mama mwenyewe. Mama kasimama nyuma ya bintiye, kamshika bega, anajaribu kusema kitu. Nani amsikilize kwenye zogo lile?

"Dada Stamili, redio ni ileile!"

"Ileile wapi? Ya mama ya njano, hii nyeupe! Ya mama ina makovu kibao huku mbele, hii laini kama yai! Unatuona washamba kwa sababu tumetoka Newala?"

"Mpigeni huyo!" mtu akadakia nyuma.

Heee! Jasho likanitiririka mpaka kwenye ndala.

"Subirini! Niifungue mbele yenu. Ikiwa siyo yake, nifanyeni mnavyotaka!"

Skrubu ya kwanza ikaniponyoka. Nikavua kava la nyuma, nikamgeuzia Stamili.

Kwenye spika palikuwa na kiraka cha kitenge, cha maua ya zambarau. Sikukibandua kwa kuwa kwa nje hakionekani.

"Kitambaa hiki unakijua?"

Stamili akakodoa macho.

"Ni... kitenge cha mama. Nilikibandika mimi."

Weeeee! Umati wote ukageuka. Vicheko, miluzi. Yule aliyevua mkanda akaanza kuuvaa huku anatazama pembeni.

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nani anyamaze? Kichwa kilishavimba!

"Niombe radhi!" nikapaza sauti. "Hapahapa, mbele ya watu! Mimi nimenunua dawa ya saluni ya kung'arishia nywele kwa hela yangu, nimeipaka, nimeifunga nailoni, nimeianika juani mpaka ikatakata. Nimeziba makovu kwa supa gluu, nimepiga msasa, nimemalizia na dawa ya meno. Bure! Halafu uniite mwizi?"

"Nisamehe, fundi."

"Sijasikia!"

"Nisamehe, fundi!"

Watu wakapiga makofi. Nilijiona nimeshinda uchaguzi.

Ndipo mama yake akasema taratibu, "Nipe hiyo redio, mwanangu."

Nikaifunga, nikamwekea mikononi. Hakuitazama. Uso wake ulielekea kule kwenye mabasi, vidole vikawa vinapapasa kuzunguka kile kitufe cha kutafutia stesheni. Vinazunguka... vinarudi... vinazunguka tena.



Mama alikuwa haoni!

"Alama zangu ziko wapi?" akauliza.

"Alama... alama gani, mama?"

Nilijua ni zipi, msinione mjinga. Yale "makovu" yaliyozunguka kitufe, niliyoyaziba moja moja huku napiga mluzi.

"Nilizichoma mwenyewe kwa msumari wa moto, macho yalipoanza kuniacha. Moja ya taarifa ya habari. Moja ya mambo ya dini. Ile ndefu ya ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, dada yangu kaolewa huko, nasikiliza habari za kwao."

"Mama, nisamehe. Nilidhani imeharibika tu."

"Hukudhani. Ulicheka."

"Mama?"

"Jirani kanichezea video kwenye simu yake. Akaniambia, mbona redio hii kama yako? Nikaisikia sauti yako. Ulisema, hii redio imetafunwa na panya au na mwenyewe?"

Mnaikumbuka hiyo video, niliwawekea humu kabla sijaanza kuing'arisha! Nyinyi nyinyi mlinijazia vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na mimi nikawa nawajibu mmoja mmoja, naongeza chumvi.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," mama akaendelea. "Nilitaka nikuombe usiziguse. Naona nimechelewa."

Hakuna aliyecheka. Wale walionipigia makofi walikuwa wananitazama mimi sasa, na haki ya Mungu, ningechagua wanipige.

Stamili alikuwa analia. Huyo niliyemwambia "sijasikia" ili umati ufurahi.

"Mama, nitazirudisha. Nina kifaa kizuri, nitazichora zinyooke."

"Unazijua zilipokuwa?"



"Sizijui."

"Basi nitafutie msumari na moto."

Nikaenda kwa mama ntilie wa jirani, nikachomeka msumari kwenye kipande cha mti, nikautia kwenye jiko lake. Niliporudi mama alishakaa kwenye kiti changu. Akawa anazungusha kitufe, anasikiliza, anazungusha tena. Stesheni ikikaa sawasawa ananyoosha mkono, nampa msumari. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika redio isicheze.

Plastiki ikanuka, ikatoa moshi. Ile niliyoing'arisha kama meno ya mtoto, ikachimbika mbele ya macho yangu. Nilitamani ardhi inimeze na kibanda changu.

"Unaona ni mbaya?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Nyeupe, njano, kwangu mimi ni moja. Ungeniuliza ningekuambia."

Alipomaliza akapapasa zote, akatikisa kichwa kukubali.

"Ile video naifuta leo leo," nikasema.

"Usiifute. Hao walionicheka watajuaje? Waandikie."

Ndiyo nawaandikia.

Wakaondoka. Stamili hata hakuaga, na sina cha kumlaumu. Walipofika kwenye ngazi ya basi la Newala, kuna kitu kikanichoma. Nikatoka mbio, nikapita katikati ya abiria nikihema.

"Mama!"

Akasimama.

"Shikamoo, mama."

Akanigeukia, redio kaikumbatia.

"Marahaba," akasema. "Nimeisubiri tangu nifike kibandani kwako."

Akapanda basi.

Ndugu zangu, na hasa mafundi wenzangu: kitu cha mtu usikiite kibovu kabla hujakaa na mwenyewe ukamuuliza. Na ukiletewa na mtoto, uliza mama yuko wapi.