Kijiko cha Nthenya

Siku ya soko Tawa, Mathenge alisimama kando ya rundo la mitumba kwa sababu muuzaji, Nthenya, msichana aliyevaa gauni la kitenge la manjano, alikuwa anamcheka.

"Wewe na hiyo beji shingoni, unauza nini?"

"Siuzi. Tunapima jinsi wazazi wanavyoelewa maagizo ya dawa za watoto. Una mtoto?"

"Kanini, wa marehemu dada yangu. Kwani unapima akili zetu ama unatafuta bibi?"

"Tuanze na akili."

Wakacheka. Mathenge akampa chupa ya dawa ya homa, akamwomba aonyeshe angempa Kanini kiasi gani. Nthenya akatoa kijiko chake cha kulia muthokoi, akakijaza mpaka ukingoni. Mara tatu ya kipimo.

"Asante," Mathenge akasema, basi. Ndivyo walivyofunzwa: usimsahihishe mtu kabla ya awamu ya pili ya utafiti, utaharibu matokeo.

Mathenge hakutegemea kwamba angempenda Nthenya. Kazi ikampeleka mji wa Salama, na kila jioni simu ikalia.

"Umekula, mwendwa wakwa, mpenzi wangu?" Nthenya akauliza.

"Nimekula. Kanini je?"

"Homa imerudi. Nimempa dawa."

Kijiko kile kikamjia Mathenge machoni.

"Atapona," akasema.

Awamu ya pili ilipofika, alirudi Tawa na leso mpya ya kumpa Nthenya na kibomba cha plastiki cha kupimia dawa. Majirani wa sokoni wakamwelekeza hospitalini. Nthenya alikuwa kwenye benchi, gauni la manjano limekunjamana.

"Ini la Kanini limeumizwa na dawa. Daktari anasema atapona. Mimi ndiye nilimpa, Mathenge. Sikujua."

Mathenge akatoa kibomba. "Nilikuja kukufundisha. Sasa tunaruhusiwa."

"Sasa?" Nthenya akamgeukia. "Siku ile sokoni, uliona kijiko changu?"

"Niliona."

"Na nilipokuambia kwa simu homa imerudi?"

"Nilikikumbuka."

"Mimi sikujua. Wewe ulijua, na ukaniambia atapona."

"Nisamehe, Nthenya."

"Nimekusamehe. Lakini huyu mtoto siwezi kumlea na mtu anayeniona nikikosea, ananyamaza." Akanyoosha mkono. "Lete. Nionyeshe mstari wa kipimo chake."

Mathenge akamwonyesha. Nthenya akavuta maji kutoka kikombe mpaka kwenye mstari, akamwaga, akarudia hadi mkono ulipozoea. Leso hakuigusa.

"Asante," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia Mathenge siku ile sokoni, kisha akaingia wodini kwa Kanini.