Simu Inayoitika Ukisema Hana

Lucia alikuwa anakanda unga wa chapati. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Simu yake ilikaa juu ya ndoo yenye mfuniko.

"Hana!" aliita.

"Naam, nakusikiliza," simu ikajibu kwa sauti ya msichana.

"Leo Mpanda kuna mvua?"

"Ndiyo. Mvua inatarajiwa mchana."

Lucia akamgeukia mama mkwe wake. "Mayu, tuingize kuni ndani."

"Huyo binti wa kwenye simu ana adabu kuliko wanangu," alisema mama mkwe. "Ukimwita mara moja tu, anaitika."

Walicheka, kisha wakaingiza kuni.

Lucia na mume wake, Luhende, waliishi Kawajense, mjini Mpanda, pamoja na mama yake Luhende. Mama huyo ni Msukuma, na nyumbani wote walimwita Mayu, yaani mama. Lucia alizaliwa Kasansa. Aliacha shule darasa la tatu, na kusoma kulimpa shida. Luhende alimwekea kwenye simu msaidizi wa sauti anayeitwa Hana. Hana alimsomea Lucia ujumbe. Alimwambia habari za mvua. Alimkumbusha siku za mkutano wa kikundi chake cha akina mama.

Jumapili moja, dada yake Lucia alikuja kutoka Kasansa. Jina lake Pudensiana. Luhende na Mayu walikuwa wametoka. Dada wawili wakakaa jikoni, na Lucia akasema kwa sauti ndogo kwamba ni mjamzito.

"Luhende anajua?" aliuliza Pudensiana.

"Hana habari. Mimba ni ya miezi miwili tu. Dada, mbili zimeshaharibika, na mara zote watu walijua mapema. Walikuja kunipa pole mpaka nikaogopa kutoka nje. Luhende alilia. Safari hii nitamwambia mimba ikifika miezi minne. Nataka aisikie kutoka kwangu, siku nikiwa tayari."

Pudensiana alimshika mkono. "Sawa, mdogo wangu. Lakini kliniki usichelewe."

"Kesho naenda."

Kweli alikwenda. Muuguzi alimpima, akampa vidonge na tarehe ya kurudi.

Siku ya Alhamisi familia ilikuwa inakula mchana. Simu ikalia, kisha Hana akasoma kwa sauti kubwa: "Ujumbe mpya. Hongera, mama kijacho! Tuna nguo za watoto wachanga kwa bei poa!"

Luhende alibaki na tonge mkononi. "Mama kijacho ni nani hapa?"

"Wamekosea namba," Lucia alisema haraka.

"Au ni Mayu?"

"Koma wewe!" Mayu alisema, na Luhende akacheka mpaka akapaliwa.

Lucia naye alicheka, huku akiificha simu chini ya kanga. Kesho yake zikaja jumbe mbili za namna hiyo. Akazima simu kabisa. Jumamosi mvua ikalowesha kuni, na mkutano wa kikundi ukampita. Akaanza kuhofia kwamba ataisahau tarehe ya kliniki. Jumatatu asubuhi alikwenda sokoni kwa Selestine, mwanamke anayetengeneza simu.

"Dada Selestine, simu yangu ina umbeya," alisema. Alisubiri mteja mwingine aondoke, ndipo akaeleza yote.

"Ulimwambia Hana kwamba una mimba?"

"Hata siku moja! Nilimwambia dada yangu, jikoni."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Juu ya ndoo."

Selestine alifungua sehemu ya historia. Akapunguza sauti, akabonyeza. Lucia akasikia maneno yake mwenyewe: "Hana habari. Mimba ni ya miezi miwili tu..."

Akajishika mdomo.

"Unaona?" alisema Selestine taratibu. "Inaamka ikisikia jina lake. Na sisi tunasema 'hana' mara ngapi kwa siku? Fulani hana homa. Fulani hana haya. Kila mara inadhani umeiita. Ukinyamaza, inaitika; ukiendelea kuongea, inarekodi kimya kimya."

"Lakini wenye nguo wamejuaje?"

"Siku ya kwanza ulibonyeza 'Nakubali'?"

"Nilibonyeza. Mara tatu."

"Imeandikwa humo kwamba taarifa zako zitapelekwa kwa washirika wao."

"Washirika? Wa kanisani?"

Selestine alicheka, kisha Lucia akacheka pia. "Hapana, mama. Washirika wa biashara. Wanauziana habari za watu ili wakutumie matangazo."

"Basi ifute yote. Siitaki."

"Subiri kwanza. Wewe unaitumia kwa kazi gani?"

Lucia alifikiri. "Mvua. Kusomewa ujumbe. Kukumbushwa."

"Basi tuipe kinachohitajika kwa kazi hizo tu. Kwa mvua, inatosha ijue kwamba uko Mpanda. Haina haja ya kujua nyumba yako. Majina ya watu kwenye simu yako, haina haja nayo. Na maikrofoni itafunguka ukibonyeza hapa tu, si ukiita."

"Na mikono yangu ikiwa na unga?"

"Utanawa kwanza. Hiyo ndiyo gharama yake."

Selestine alifuta rekodi zote. Alizima sehemu ya kupeleka taarifa kwa washirika. Alizima pia kusoma ujumbe kwa sauti bila kuombwa. Kila hatua alimwonyesha Lucia, kisha akamwachia afanye mwenyewe.

"Yaliyokwisha kwenda siwezi kuyarudisha yote," alisema. "Matangazo machache yatakuja bado. Yazuie hivi. Na jambo la siri lipe jina unalolielewa wewe tu. Kliniki iite safari."

Lucia alibonyeza kitufe. "Nikumbushe safari ya Jumatatu."

"Nimeandika," Hana alijibu.

Wiki zikapita. Mvua haikulowesha kuni tena. Lucia hakukosa kliniki hata mara moja, na matangazo yalipungua mpaka yakaisha. Mimba ilipofika miezi minne, muuguzi alimwambia kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Jioni hiyo Lucia alimngoja Luhende anawe miguu. "Nina mimba," alisema. "Ya miezi minne."

Luhende alikaa chini. Akasimama. Akakaa tena. "Mayu!" aliita kwa sauti iliyokatika. "Mayu, njoo usikie!"

Mayu alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. "Nimejua tangu alipoanza kukimbia harufu ya samaki wa migebuka," alisema.

Lucia alishangaa. "Mbona hukusema kitu?"

"Ningesemaje, mwanangu? Hayakuwa maneno yangu."

Lucia alimkumbatia. Luhende alikuwa ameshachukua ndoo mbili, anakwenda bombani, na wala hakuna aliyemtuma.