Kaseti ya Mwisho ya Nzivo

Kila mwisho wa mwezi mume wangu Nzivo alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka kusumbuliwa akiifanya. Aliketi mezani katika nyumba yetu ya shirika la reli, mtaa wa Makongeni, Eastlands ya Nairobi, akaweka redio kaseti mbele yake, akabonyeza vitufe viwili, akaanza kuongea na mama yake.

Mama yake anaitwa Nthenya. Sisi humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Anaishi Kitui na hajui kusoma. Akipata barua, ilimbidi amwite jirani amsomee, na jirani huyo alikuwa hodari wa kutangaza habari za watu.

"Niletee sauti yako," alimwambia Nzivo. "Karatasi yako inaongea na kijiji kizima."

Basi Nzivo alirekodi kaseti, na dereva mmoja wa kwao akaipeleka. Aliongea kana kwamba wameketi pamoja. Akiuliza, "Mwaitu, umeamkaje?" alinyamaza kidogo, ili mama apate nafasi ya kujibu. Mimi, mkewe Mutheu, nilicheka jikoni.

Nzivo alifariki mwezi wa Mei, mwaka wa 1999, kwa ugonjwa wa kifua.

Agosti, Mwaitu alikuja Nairobi kutibiwa macho. Alikaa kwangu wiki mbili. Asubuhi alikunywa uji, kisha akaketi mlangoni na kuchambua sukuma wiki kwa kupapasa. Ijumaa ya mwisho, nikikunja nguo za Nzivo, niligusa kitu kigumu katika mfuko wa koti lake la kazi. Ilikuwa kaseti. Juu yake alikuwa ameandika "Mwaitu, Aprili". Hakuwahi kuituma.

Nilimwita Mwaitu aketi karibu. Niliunganisha redio na stima, nikaiweka kaseti.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya haraka, kama ya kifaranga. Maneno yalikimbizana. Mwaitu alijaribu kujibu salamu, lakini kabla hajamaliza, sauti ilikuwa imefika mbali.

"Zima," alisema.

"Mwaitu, ni yeye."

"Huyo si Nzivo. Mwanangu hakuongea kama kitu kinachofukuzwa. Zima, mwanangu, usinitese."

Nilizima. Jumatatu asubuhi angerudi Kitui. Niliona angeondoka bila kusikia maneno ya mwisho ya mtoto wake.

Jirani yangu Ayuma alinikuta bombani, ndoo yangu ikifurika nisione. Nilimweleza.

"Mama Ndete, mbona hukuniambia?" alisema, akiniita kwa jina la mtoto wangu kama kawaida. "Mwanangu Kweyu anafundisha kompyuta kule chuoni mjini. Anacheza na sauti siku nzima. Lakini jihadhari, ukimuuliza swali moja atakujibu mpaka mboga iungue."

Jioni Kweyu alikuja. Alisikiliza kidogo tu, akaizima.

"Mama Ndete, siku aliporekodi hii, stima ilikuwepo?"

"Haikuwepo. Alitumia mawe ya redio, zile betri."

"Mapya?"

Niliona aibu. "Ya zamani. Niliyaanika juani juu ya mabati tangu asubuhi, yapate nguvu kidogo."

"Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Mawe yakichoka, mota huzungusha utepe polepole. Maneno ya dakika moja yanabanwa kwenye utepe mfupi. Leo umecheza kwa stima, mota ina nguvu, utepe unakimbia, na sauti inakimbia nao."

"Kwa hivyo ni mimi niliyemharibia sauti."

"Wewe na Eastlands nzima," alisema Kweyu. "Nani hapa hajaanika mawe?"

"Tukitafuta mawe yaliyochoka, tukaicheza tena polepole?"

"Utajuaje yamechoka kiasi kile kile? Na kila ukiicheza, utepe unachakaa. Tuihamishe kwanza mahali salama."

Kisha alichukua kisu, akavunja vijiplastiki viwili vidogo mgongoni mwa kaseti. Nilishtuka.

"Usiogope. Sasa hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Fanyia hivi kila kaseti unayoipenda."

Jumamosi mchana, wanafunzi walipokwisha kutoka, nilikwenda na Kweyu chuoni. Mwaitu alibaki na Ayuma. Kweyu aliunganisha redio na kompyuta kwa waya, akacheza kaseti mara moja tu.

"Imeingia," alisema. "Lakini ndani ya kompyuta hakuna sauti. Kuna namba."

"Namba?"

"Sauti ni hewa inayotikisika. Kompyuta inaupima mtikisiko huo mara elfu ishirini na mbili na hamsini kila sekunde. Kila kipimo ni namba moja. Ukizisoma namba hizo kwa mwendo ule ule, sauti inarudi. Ngoja nikuonyeshe."

Aliandika mistari michache. Aliniambia anatumia lugha ya kompyuta inayoitwa Python, ambayo haikumgharimu kitu. Katika mistari hiyo alipanga namba zipande na kushuka, zipande na kushuka, mara mia nne na arobaini kwa sekunde. Akabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio mmoja safi, kama filimbi.

"Hakuna aliyepuliza," nilisema.

"Hakuna. Ni hesabu tu."

"Na wewe umejuaje haya yote?"

"Mengi siyajui," alicheka. "Python ina maktaba. Si ya vitabu. Ni kazi ngumu ambazo watu wengine wameshazifanya, wakatuwekea tuzitumie. Maktaba moja inaitwa wave. Hiyo inafungua faili ya sauti na kuiandika. Nyingine, winsound, inaicheza. Mimi naziita tu kwa majina. Wengi wa walioziandika sitawahi kuwaona niwashukuru."

Neno hilo lilinikaa moyoni.

"Sasa," alisema, "mwanzoni mwa kila faili pameandikwa sekunde moja ina namba ngapi. Nikipunguza, sauti inatulia. Lakini nipunguze mpaka wapi? Kwa kukisia tutapata mtu mwingine, si Nzivo."

Tulisikiliza tena. Nzivo aliuliza salamu, akanyamaza. Katika kimya hicho nilisikia kitu.

"Ni saa yetu ya ukutani!" nilisema. "Tik, tik."

Kweyu alipiga meza. "Mama, umemaliza kazi! Mimi Kikamba sikijui, lakini saa haina kabila. Kila mlio ni sekunde moja."

Kwenye kioo cha kompyuta, kila mlio wa saa ulionekana kama mwiba mdogo. Kweyu alihesabu namba kutoka mwiba hadi mwiba. Zilikuwa 17,640. Basi aliandika mwanzoni mwa faili kwamba sekunde moja ina namba 17,640, akacheza.

"Mwaitu, umeamkaje?"

Alikuwa Nzivo. Ile sauti yake nzito, na kikohozi chake. Nilishika kiti.

Lakini baada ya dakika chache sauti ilianza tena kupanda na kuharakisha. Kweyu alikuna kichwa.

"Mjinga mimi. Mawe yaliendelea kufa akiongea. Namba moja haitoshi. Nitakata vipande, na kila kipande nipime kwa saa yake."

Sikuweza kuendelea kusikiliza. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi mpaka aliponiita. Alikuwa amekata vipande kumi na vinne. Kompyuta ilikuwa imevicheza kimoja baada ya kingine, na redio imerekodi yote kwenye kaseti mpya. Hiyo pia akaivunja vijiplastiki vyake.

Jumapili baada ya kanisa nilimketisha Mwaitu mezani. Ayuma na Kweyu walikuwepo.

"Kama ni kile kifaranga, siitaki," alisema.

Nilibonyeza.

"Mwaitu, umeamkaje?"

Mwaitu alifungua mdomo. Kwenye kaseti saa ilisikika: tik, tik, tik.

"Nimeamka vyema, mwanangu," alisema polepole.

"Namshukuru Mungu," Nzivo alijibu.

Ayuma alijifunika uso kwa leso. Wale wawili waliongea hivyo, kuhusu mvua, mbuzi, na Pasaka ambayo Nzivo hakuweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kikafika kile kipande cha mwisho ambacho sikuwa nimekisikia kwa sauti yake halisi.

"Mwaitu, stima imepotea. Mutheu ameanika mawe tangu asubuhi ili niongee na wewe. Hajalala vizuri wiki nzima kwa ajili yangu. Nikimshukuru mimi, analia. Mshukuru wewe."

Kaseti iliendelea kuzunguka, lakini hakusema tena.

Mwaitu alinyoosha mkono mezani, akipapasa, mpaka akaupata wangu.

"Mutheu," alisema, "amenituma nikushukuru."

Nililia, kama Nzivo alivyosema. Kisha nilimpikia Kweyu chai, kwa maana alikataa kitu kingine chochote.

Jumatatu Mwaitu aliondoka na kaseti ile pamoja na mawe manne mapya. Kaseti ya Aprili imebaki kwangu. Ya tatu, nakala aliyoirekodi Kweyu baadaye, iko kwa Ayuma, kwa sababu Kweyu alisema kitu unachokipenda kisikae nyumba moja. Mawe sianiki tena ninapotaka kurekodi. Na kila nikisikia saa ile ukutani, namshukuru aliyeitundika: ni Nzivo mwenyewe, mwaka tuliooana.