Kadi ya Thelathini na Moja

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya lami wanayopaka mataruma, zile mbao za kulalia reli, nzito, ya juani, katika chumba ambamo mataruma yote yalikuwa ya plastiki, madogo kama njiti za kiberiti. Masta aliinusa, akafungua dirisha.

Zamani alikuwa msimamizi wa stesheni. Sasa ni mstaafu mwenye reli ndogo iliyozunguka chumba kizima cha nyuma, ikipita mlima wa plasta, kona kali na daraja la waya, sawasawa na njia aliyoisimamia. Kila Jumamosi alasiri rafiki yake Breki, dereva wa treni wa zamani, alikuja kuendesha. Mke wa Masta alikaa jikoni na simu ya waya iliyounganishwa na ile ya chumba cha nyuma, yeye ndiye stesheni ya upande wa pili, huku akimenya viazi.

"Stesheni ya Viazi, sema!" alikuwa akijibu, na Breki akicheka mpaka kukohoa.

Ili mchezo ufanane na kazi yenyewe, Masta aliandika kadi thelathini za shida: ng'ombe relini, injini imechemka, mvua imekula tuta. Aliyeokota kadi aliisoma kwa sauti, na treni haikusogea mpaka shida itatuliwe kama kazini. Shida zote alizozijua alizileta chumbani, isipokuwa moja.

Jumamosi hiyo Breki aliokota kadi, akaisogeza mbali na macho.

"'Mkagua njia yuko konani. Usiachie treni mpaka aseme: Nimetoka.'" Kicheko kilimkauka. "Masta, hii umeiandika lini?"

Mwandiko ulikuwa wa Masta, hata ile 'k' yake yenye mkia. Lakini hakuwa ameiandika.

"Zamani," alisema.

"Yule marehemu wa konani..." Breki aliilaza kadi kifudifudi. "Hata kama alikuwa amelewa, mimi nilichelewa kufunga breki. Usinitetee, Masta. Nilichelewa."

Masta aliinamia reli kama mtu anayetafuta sindano. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiyasikia maneno hayo na kuyaacha yapite. Ukweli ulikuwa mfupi. Mkagua njia alipiga simu kwamba anaingia konani kukaza boliti. Masta, katikati ya porojo na chai, alisahau, akaruhusu treni ya Breki bila kusubiri lile neno moja, 'Nimetoka', na treni ikamgonga. Jioni yake akaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alinuka pombe. Hakunuka chochote ila lami.

"Haya, uliza basi," Breki alinong'ona. "Kanuni ni kanuni."

Masta alinyanyua simu. "Mkagua njia, umetoka?"

Alitarajia utani wa mkewe. Badala yake alisikia upepo wa mahali pa wazi, na nyundo ikigonga chuma, ti, ti, ti, kisha sauti ya adabu, ya mtu aliyezoea kusubiri.

"Bado, Masta."

Mkewe akatokea mlangoni, kisu mkononi. "Mnanisubiri mimi? Simu ya jikoni imekufa tangu asubuhi."

Hapo, bila mkono wa mtu kugusa swichi, treni ndogo ikaondoka stesheni, ikashika kasi, ikaikimbilia kona huku harufu ya lami ikiwajaa kooni na nyundo ikigonga kwa haraka zaidi, si simuni tena bali ndani ya plasta ya mlima, ikigonga kama mtu aliyesikia reli ikitetemeka chini ya goti lake na bado anataka kuiwahi boliti ya mwisho, mpaka Breki akapiga yowe na kuchomoa waya wa umeme ukutani, lakini treni haikusimama hadi nyundo iliponyamaza yenyewe.

Kesho yake mkewe alimleta mganga, mama wa makamo mwenye miwani mizito. Alikaa peke yake na reli kwa muda mrefu, kisha akamwita Masta.

"Huyu si marehemu, baba. Ni jini. Neno lililoachwa bila kusubiriwa ameliokota, amelivaa. Nani amebeba mzigo wako?"

"Rafiki yangu," Masta alisema, macho chini.

"Mwambie, uso kwa uso. Ndipo umuulize huyu kama ametoka. Ukimuuliza kabla ya hapo, atatoka kweli. Ila hutapapenda atakapotokea."

Jumamosi ikafika. Breki alisimama mlangoni, kofia yake ya kazi kifuani.

"Breki, ile siku..."

"Najua, ndugu yangu. Hujawahi kunilaumu hata mara moja. Mungu akulipe."

Masta alimezwa na aibu. Akamkaribisha chai. Wakazungumza habari za magoti na dawa za magoti, mpaka mgeni akaaga.

Ndipo akajifungia chumba cha nyuma, akanyanyua simu, akalia machozi ya kweli. "Nilisahau. Hukulewa. Niliandika uongo. Nisamehe. Umetoka?"

Upepo ulivuma kitambo.

"Nimetoka, Masta."

Harufu ikakatika. Masta alikaa sakafuni, mwepesi, akamshukuru Mungu, na akajionea haya kwa wepesi ule, maana alijua ameungama mahali ambapo hapakuwa na uso wa kuutazama.

Ti, ti, ti.

Nyundo iligonga kwenye bomba la maji, upande wa jikoni.

Alikwenda akishika ukuta. Mkewe alikuwa amesimama, simu iliyokufa sikioni, kiazi nusu kimemenywa mkononi, akisikiliza kama mtu anayepokea habari za hospitali. Aliiziba simu kwa kiganja. Hakumtazama mumewe.

"Ni mkagua njia," alisema polepole. "Ameniambia yote. Anauliza, Breki umeshamwambia, au aende mwenyewe?"