Mstari Mwekundu Kwenye Kizibo

Fundi bomba aliuawa saa mbili na robo asubuhi, ndani ya karakana yake mwenyewe, na kizibo cha chuma cha ukubwa wa ngumi. Kiliruka kutoka kwenye mtungi wa hewa, kikampiga usoni, kikatoboa bati la ukuta. Inspekta aliinua shuka, akatazama palipokuwa na sura ya mtu, akalishusha taratibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini.

Wenzake walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma.

Uani, mke wa marehemu alikaa kwenye ngazi akiwa na jino lake mkononi. Shemeji yake, kaka mkubwa wa fundi, alimfikia kabla ya polisi. Alimburuta kwa nywele mbele ya majirani, akampiga mateke ya mbavu hadi koplo alipomkumbatia kiuno na kumvuta. Kisa ni kwamba jana yake mke alisikika akimwambia mumewe kuwa mtungi ule utamuua, na yeye mke apate kupumua. Sasa majirani walikuwa na mawe mikononi. Binti wa kaka huyo, msichana wa miaka kumi na sita mwenye jicho moja, ndiye peke yake aliyekuwa akimfuta mama yake mdogo damu.

Mkuu wa kituo alipiga simu: ikifika saa sita mke afunguliwe mashtaka ya mauaji, kelele ziishe. Sindano akajibu ndiyo afande, akarudi karakanani.

Kwa miaka mingi fundi alikuwa akijitengenezea bunduki za mchezo wa kulengana kwa rangi. Alitumia vipande vya bomba, pampu kuukuu na mtungi wa hewa, na bunduki zilirusha tembe laini zilizojaa rangi. Mezani palikuwa na bunduki mbili zilizokamilika, ya tatu nusu, na kinyago cha kinga, kidogo, ambacho tundu la jicho la kushoto lilizibwa kwa bati. Sindano alikigeuzageuza, akakirudisha.

Kilichomvutia ni mistari. Kila kiungo kilikuwa na mstari mwembamba mwekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba.

Kinyozi wa jirani, rafiki wa fundi na mwenzake mchezoni, ndiye aliyemweleza. Fundi akishakaza kiungo alikichora. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika. Kila asubuhi aliikagua mistari kabla ya kujaza hewa.

"Mstari ukikatika hagusi pampu," kinyozi alisema. "Alikuwa anatutania eti anauamini kuliko mkewe."

"Alichora kwa kitu gani?"

"Rangi ya kucha ya mkewe. Alimnyang'anya chupa, haikutoka mfukoni mwake tena."

Chupa ilikuwepo mfukoni mwa marehemu, imeganda damu.

Sindano akakiokota kizibo. Kilikuwa na nyuzi tisa za kukazia, lakini mbili tu za mwisho ndizo zilizokwanguka. Saba zilikuwa nzima. Basi mtu alikifungua kizibo hadi kikabaki kimeshikwa na nyuzi mbili, kisha akaukwangua mstari uliokatika na kuchora mwingine. Fundi wa watu aliutazama mstari, hakukitazama kizibo. Sindano akakifuta damu kwa kitambaa chenye maji. Damu ikatoka, na mstari nao ukatoka. Akafuta kiungo cha pampu kwa nguvu zote. Mstari wa hapo haukutikisika.

Mbali na ufunguo wa fundi mwenyewe, funguo za karakana zilikuwa tatu. Mmoja wa mke, mmoja wa kinyozi, na mmoja wa kaka, kwa sababu nyumba ilikuwa ya urithi. Jana wote waliingia: mke kufagia, kinyozi kuchukua bunduki yake, kaka, kwa maneno yake mwenyewe, kutafuta nyundo.

Saa tano na nusu Sindano aliwaita wote watatu karakanani. Mlango ukaachwa wazi. Alitandika vitambaa vitatu vyeupe mezani, akapasua tembe nyekundu juu ya kila kimoja.

"Kila mtu asafishe chake."

Kaka aliuliza huo ni mchezo gani, ndugu yake bado hajazikwa. Sindano akamwambia ni kazi ya dakika moja. Mke akachukua kikombe cha maji bila kuwaza. Kinyozi akatema mate kwenye kona ya kitambaa, akasugua. Kaka akatazama rafuni, akashusha kopo la petroli.

"Kwa nini petroli, kaka?"

"Rangi haitoki kwa maji."

"Hii inatoka. Shemeji yako ameifua kwenye mashati kila Jumapili. Kinyozi anaifua mwenyewe. Asiyejua ni yule asiyeusogelea mchezo. Uliukuta mstari, hukuiona chupa, ukapasua tembe ukidhani rangi ni rangi. Njia ya mwongo ni fupi."

Kaka aligeukia meza. Alinyakua spana ya bomba, akamshushia koplo begani, na mfupa ulisikika ukivunjika. Akamrukia shemeji yake, akamkaba koo ukutani. Sindano alichukua kipande cha bomba, akampiga goti, akampiga tena lile lile, mpaka vidole vikaachia. Akamtia pingu huku goti lake likimkandamiza shingoni, na hakujilaumu.

"Na mwanamke huyu ulimpigia nini?" aliuliza, akihema.

"Watu wakimlaumu yeye, nani angetafuta mwingine?" Kaka alikuwa akilia, shavu sakafuni. "Bunduki yake ilimpasua mwanangu jicho. Akaniapia mbele ya mama yetu kwamba atazitupa zote. Miaka mitatu nimevumilia! Naingia kutafuta nyundo, nakuta anaunda ya tatu. Alikuwa amesahau. Mwanangu hajasahau hata siku moja."

Mke aliteleza ukutani hadi akakaa chini. Sauti ilimtoka kwa shida.

"Hakusahau, shemeji. Ya tatu ni ya binti yako. Alimwomba mwenyewe amrudishe mchezoni, anaogopa kukuambia. Mimi nilikuwa nakataa. Ndiyo ugomvi wa jana."

Sindano alikichukua kile kinyago kidogo, akakiweka sakafuni mbele ya macho ya kaka. Kaka alilitazama lile tundu la kushoto lililozibwa.

Mlangoni alisimama binti, amesikia yote. Baba yake alimwita kwa sauti ndogo, mara mbili. Binti alimpita. Alichovya kitambaa kwenye kikombe cha maji, akapiga magoti, akaendelea kumfuta mama yake mdogo damu.